Kisu, Subira na Mguu wa Mtoto

Mfalme Asa wa Yuda alishikwa na maradhi ya miguu katika mwaka wa 39 wa utawala wake, na Mambo ya Nyakati ya Pili inamlaumu kwa kuwakimbilia waganga bila kumtafuta Mungu. Ubishi wa namna hiyo ulifika Uganda. Mwaka 1914 Abamalaki, wafuasi wa Malaki Musajjakawa na Joswa Kate, walikataa dawa zote. Semei Kakungulu, jemadari aliyekuwa ameitiisha nchi ya Bukedi, alijiunga nao. Mwaka 1919 alitengana nao kwa sababu ya tohara: yeye aliyeikataa dawa aliupokea wembe kwa ajili ya Mungu.

Sasa mfikirie mtoto wa eneo la Petta, katika nchi hiyo ya Bukedi, mwenye nundu ngumu juu kidogo ya kifundo cha mguu. Eksirei inaonyesha osteokondroma: mfupa uliochomoza kwenye muundi, umevikwa gegedu, wala si saratani. Hautamwua. Ila unakua kadiri anavyokua, unausukuma mfupa mwembamba wa pembeni hadi upinde, na safari ya shule inakuwa mateso. Je, kumpasua ni kukosa imani?

Anayejibu ndiyo hudhani daktari ana haraka ya kukata. Sivyo. Uvimbe huu usipouma wala kupindisha kitu, huachwa na kuangaliwa tu. Hata ukisumbua kidogo, mara nyingi hungojwa mifupa ikomae, maana wakati huo nao huacha kukua, na upasuaji unaogusa sehemu ya mfupa inayorefuka unaweza kuudumaza mguu. Subira, basi, ni sehemu ya tiba. Maumivu au kupinda kukizidi ndipo hukatwa kwenye shina lake pamoja na gegedu lote; likibaki, unaweza kuota tena.

Mtu mzima anayevumilia maumivu yake kwa ajili ya Mungu anastahili heshima. Kumvumilisha mtoto ni jambo jingine kabisa: yeye hakuweka nadhiri yoyote.

Wakatoliki, ambao mjini Tororo, huko huko Bukedi, wana Hospitali ya St. Anthony, husoma pia kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, inayomwagiza mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake. Yote mawili. Na mzazi anayesali bado ana haki ya kumwuliza daktari: tungoje hadi lini, na kungoja kutauharibu mguu kiasi gani? Ajibiwe kwa lugha anayoielewa, eksirei ikiwa mbele yake, kabla hajatia saini fomu ya idhini.