Kushuka Si Woga

Kijana wa Itaka apandapo pikipiki huona raha ya kweli, nasi hatuna haki ya kuikana. Upepo wampiga kifuani, mashamba ya kahawa yapita mbio kando yake, na safari iliyomchosha babu yake kutwa nzima kwa miguu, yeye huimaliza kabla jua halijawa kali. Zaidi ya raha ipo riziki. Katika njia za vumbi za Mbozi pikipiki huchukua gunia, mgonjwa na mama mjamzito. Aitukanaye bila kuyakumbuka hayo hasemi haki.

Lakini mpandaji hana bati la kumkinga, na barabara kuu ya Tunduma yajaa malori yaendayo Zambia na Kongo. Mwingereza Thomas Edward Lawrence, aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni, aliipenda mno pikipiki. Mwezi wa Mei 1935 alianguka nayo, akafa baada ya siku 6, mwenye umri wa miaka 46. Daktari Hugh Cairns, mmoja wa waliomhudumia, aliendelea kuchunguza majeraha ya vichwa, na mwaka 1941 akatangaza faida ya kofia ngumu. Uchunguzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa kwa 42 kwa mia, na ya kuumia kichwa kwa 69 kwa mia.

Basi, asemaye, “Roho ni yangu, nikifa nimekufa mwenyewe,” je, asema kweli? La. Nyuma yake yupo abiria. Mbele yake yupo mtoto avukaye njia kwenda shule. Nyumbani wapo wamtegemeao. Tena pengine hafi, bali huvunjika, na jamaa zake wakamwuguza miaka mingi. Ndiyo maana Katekisimu ya mwaka 1992, katika fungu la 2290, yawahesabia hatia nzito wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mbio huhatarisha usalama wao na wa wengine.

Apandaye kwa raha tu, akiisha kuwa na mke na watoto, ana sababu njema ya kuacha, wala asiogope kuchekwa. Mwoga hukimbia kwa kujipenda nafsi yake; huyu hushuka kwa kuwapenda wengine.

Apandaye kwa riziki hatuwezi kumwambia neno hilo kwa wepesi, maana watoto watakula nini? Kwake yeye kuacha kuna maana nyingine: aache mbio, aache pombe, aache kupakia mishikaki, asiondoke bila kofia. Kuacha huko nako kwataka ushujaa, kwa kuwa kutampunguzia fedha.

Wala asiachwe apigane peke yake. Tajiri mwenye pikipiki, adaiye hesabu ile ile siku ya jua na siku ya matope, ndiye amsukumaye kukimbia. Abiria asemaye, “Ongeza mwendo!” naye ana sehemu yake. Na sisi wazazi, kijana arudipo jioni, tukimwuliza, “Umepata ngapi?” kabla ya kumwuliza, “Umerudi salama?” tumemfundisha lipi lenye thamani zaidi. Tuanze kulirekebisha hilo nyumbani, leo jioni.