Sura ya Mji na Haki ya Wasiokuwapo

Wanafunzi sita wa sanaa walipewa kazi ya kuuchora mji wao, Dar es Salaam, katika turubai moja. Waliniita niwasikilize wakishauriana, kwa kuwa walihitaji maneno machache ya kuandikwa chini ya picha. Nilikwenda nikidhani nitasahihisha sarufi. Nikarudi na swali lisilonipa raha mpaka leo: je, watu wakiafikiana, maafikiano yao ndiyo kweli?

Walianza kwa mabishano. Mmoja alitaka wavuvi wa Kivukoni, mwingine matope ya Jangwani wakati wa masika. Ubishi mkubwa ulihusu Sanamu ya Askari, iliyosimama katikati ya mji tangu 1927. Kijana mmoja alisema ni kumbukumbu ya vita vya watu wengine. Msichana mmoja akamjibu kuwa waliokufa walikuwa babu zetu. Jioni wakapatana: askari asiwemo, matope yasiwemo, ibaki bahari, minazi na majengo marefu. Kila kilichobishaniwa kilitolewa, na amani ikapatikana.

Naungama kuwa amani ile iliniudhi. Mji huu uliwahi kuwa na sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza waliing'oa, na tangu 1922 ilisimama Hamburg, mbele ya chuo kikuu, hata wanafunzi wa huko walipoiangusha mwaka 1968. Mtu aweza kuwalaumu au kuwasifu, lakini walitenda hadharani na hoja yao ilisikika. Wetu walimwondoa askari kwa kunyamaza tu, na anyamazaye hatakiwi kujibu lolote.

Niliwauliza maana ya Kariakoo. Wawili tu walijua kuwa ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliobeba mizigo ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918. Makumi ya maelfu ya watu hao walikufa, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi. Juu ya msingi wa sanamu amesimama askari na bunduki yake. Mpagazi hakupandishwa pale. Sokoni, hata hivyo, hutajwa kutwa nzima na watu wanaouliza bei ya vitenge. (Mwalimu wa lugha na asamehewe kwa kujivunia jambo hili.)

Basi wakaparuza rangi, wakarudi kwenye mabishano. Waliamua kumchora mpagazi kando ya askari. Lakini uso wautoe wapi? Yule kijana akaenda Kariakoo kumwomba msukuma mkokoteni mmoja akae achorwe. Mzee yule aliweka mkokoteni chini, akasikiliza yote kwa adabu, kisha akauliza:

“Mwanangu, huyo marehemu mkimpa uso wangu, wake mtakuwa mmeutupa wapi?”

Kijana alirudi na karatasi tupu. Wenzake walicheka kwanza, halafu wakaacha. Sasa wamegawanyika tena: watatu wanataka kuubuni uso, watatu wanataka mahali pake pasitiwe rangi. Picha inatakiwa Ijumaa. Wamenikumbusha mara mbili juu ya maneno yangu ya chini ya picha, nami sijaandika hata moja.