Kivuli ni Mali ya Nani?

Vijiweni husemwa kwamba joto la mjini ni la Mungu, halina mwenyewe. Mimi nakataa. Jua ni la Mungu, sawa. Lakini mtaa umepangwa na binadamu, na kila alichopanga binadamu kinaulizika: nani kapanga, na kwa faida ya nani?

Hebu twende Zanzibar. Mji Mkongwe una vichochoro vyembamba na nyumba za ghorofa, kwa hiyo jua hufika chini kwa muda mfupi tu. Nje ya nyumba kuna baraza za mawe. Watu hukaa, hupiga soga. Vuka Darajani uende Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nia ilikuwa njema, mnyonge apate nyumba ya kisasa. Lakini barabara ni pana na majengo yameachana, na wa miguu analijua jua la saa saba.

Sisemi kichochoro ni pepo. Kuta humeza joto mchana, zikalitema usiku, na pale anga inapoonekana kwa mwanya tu, joto hilo hukawia kuondoka. Tena pwani yetu ina unyevu. Bila upepo jasho halikauki. Mtaa usiopitisha kaskazi wala kusi unaweza kuwa na kivuli na bado ukakukaba koo.

Sasa Dar es Salaam. Wakoloni waliigawa: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Oyster Bay ikapata viwanja vikubwa, miti na upepo wa bahari. Kariakoo ikapata viwanja vidogo vilivyobanana. Hayo si majira ya mwaka, bwana, ni rula na penseli. Uhuru ulikuja 1961, lakini mistari mingi ya rula ile ipo mpaka leo. Na kichekesho ni hiki: miti mingi imebaki kwa watu wenye magari, na watembea kwa miguu wamebaki na lami. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mshikaji wangu mmoja, fundi ujenzi, ananibishia: “Kiwanja changu, mti wangu. Nikiukata nimemwibia nani?” Hoja hiyo ina uzito, siwezi kuipuuza. Mti ule kaumwagilia yeye, majani anafagia yeye. Lakini kivuli chake kinaangukia barabarani, na chini yake mama lishe amepata pa kuweka sufuria na wateja wake pa kukaa. Naona kivuli kinafanana na njia ya mkato inayopita kiwanjani mwa mtu. Watu wakishaizoea miaka na miaka, kuiziba si wizi, lakini si jambo la kufanya kimyakimya pia. Angalau unawaambia majirani. Angalau unapanda mwingine.

Je, mtu wa Tandale au Manzese, ambaye ukuta wake umegusana na wa jirani, naye tumdai mti? Atauweka wapi, juu ya bati? Hapana. Wajibu huu, kwa maoni yangu, unakua kadiri ardhi inavyokuwa kubwa na kalamu inavyokuwa na nguvu. Fundi wangu akikata mti mmoja, anaumia mama lishe na wateja wake. Anayechora barabara nzima bila mti, au anayeidhinisha ghorofa zizibe upepo wa mtaa, anawaumiza maelfu, tena hajavunja kitu cha mtu. Ndiyo maana hatumwiti mkosaji. Dhambi isiyo na jina ni rahisi kuitenda.

Dai langu ni dogo: kabla ramani ya mtaa haijapigwa mhuri, anayeishika mhuri aende eneo lenyewe saa nane mchana, kwa miguu.