Makochi Yatoke Sebuleni

Wiki hii nilikwenda Tabata kumjulia hali mama yangu mdogo, na tangu nitoke kwake kuna jambo limenikaa kooni. Daktari amemwambia sukari imepanda. Pamoja na dawa, lazima afanye mazoezi. Wanawe, Mungu awabariki, wakachangishana na kumnunulia mashine ya kukimbilia. Wakaiweka stoo.

Nimeingia stoo hiyo. Hewa inapita kwenye matundu ya matofali tu, na mashine imebanwa kati ya gunia la mkaa na madumu ya maji. "Mwanangu," akaniambia, "humo ndani jasho linanitoka kabla sijaanza." Alijitahidi siku chache, akaacha. Sasa wanawe wanasema mama ni mvivu.

Hatua chache kutoka hapo kuna sebule yenye madirisha mawili mapana na feni ya dari. Makochi yamevikwa vitambaa vya kufuma ambavyo wajukuu wamekatazwa kuvigusa. Mlango unafungwa mchana kutwa, chumba kikimsubiri mgeni.

Atatokea wa kuniambia kwamba sebule ni heshima ya nyumba. Kumkirimu mgeni ni mila ninayoipenda, na sitaki ife. Lakini tukipatwa na msiba tunafanyaje? Vijana wanaitwa, makochi yanatolewa nje mara moja, mikeka inatandikwa na kina mama wanakaa chini. Hakuna anayeuliza heshima ya nyumba imekwenda wapi. Kama tunaweza kuyatoa makochi ili tumlilie mtu, tunashindwaje kuyasogeza angali hai?

Mwingine atasema mwanamke wa Kiafrika hahitaji mazoezi, kazi za nyumbani zinamtosha. Ni kweli kazi hizo zina uzito wake. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linazihesabu. Mwongozo huo unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na angalau siku mbili za kuimarisha misuli. Lakini mama mdogo anakaa dukani tangu asubuhi hadi magharibi. Misuli inapofanya kazi huchota sukari iliyo kwenye damu; ikikaa kitako, sukari hiyo inabaki ikizunguka.

Na nafasi yenyewe si kubwa. Mita mbili kwa mbili zinatosha mtu kulala chali na kunyoosha mikono. Kwenye vigae mkeka wa ukindu huteleza, kwa hiyo atandike ule wa mpira. Kiti imara kisicho na magurudumu kimpe zoezi la kuketi na kusimama; ukuta umpe la kusukuma kwa mikono. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ina kilo moja na nusu, inatosha kuanzia. Vijana wa mitaani kwetu hujaza zege kwenye makopo ya rangi, wakaunganisha kwa bomba, wakajenga vifua bila kununua chuma hata kimoja. Mwenye sukari avae viatu, maana miguu yake inaweza kuumia asihisi, na kama anatumia insulini awe na juisi karibu. Dirisha liwe wazi, jua halijapanda. Redio iwepo na taarabu anayoipenda, kwa sababu mwili hufuata ngoma hata pale moyo unapositasita. Mashine ikibaki stoo, sawa. Inakula umeme wa LUKU na haimpi chochote ambacho mkeka na kiti haviwezi kumpa.

Kinachonisumbua zaidi ni muda wake. Baba akivaa raba kwenda kukimbia na wenzake Jumamosi, nyumba nzima inampisha. Mama akitandika mkeka, kila mtu anakumbuka shida yake: chai iko wapi, sare imepigwa pasi, funguo ameziona nani. Anainuka mara tatu, mwishowe anakunja mkeka. Chumba kizuri kisicho na nusu saa ya utulivu hakimsaidii. Kwa hiyo, wanawe wa mama mdogo, mkishasogeza makochi, wekeni na hili: akiwa kwenye mkeka asiitwe. Chai anaweza kuichemsha mwingine, na funguo atazitafuta aliyezipoteza.