Mwamuzi na Shahidi

Wimbo anaoujua mtu mwanzo hadi mwisho ndio anaouomba upigwe tena, ilhali mechi ambayo matokeo yake yamekwisha kujulikana haimvuti. Wapenzi wa mashairi, waliozoea kuurudia ubeti ule ule miaka nenda miaka rudi, wana haki ya kujiuliza kwa nini. Anayekwenda kusikiliza muziki na anayekwenda kutazama mpira wote hulipa kiingilio, husongamana, hupaza sauti, na hurudi makwao sauti zimewakauka. Mtu atasema kwamba wote wawili wanafuata burudani. Jawabu hilo ni jepesi mno, na mji wa Tabora waweza kutuonyesha wepesi wake.

Kabla ya ukumbi na kabla ya uwanja, Tabora palikuwa na njia. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji. Kirangozi alitangulia, ngoma ikamfuata, na wimbo ukapokezwa kutoka mbele hadi nyuma. Wapagazi wa Kinyamwezi waliimba ili pembe za ndovu zibebeke. Hapakuwa na aliyekaa pembeni akasikiliza. Wimbo ulikuwa wa miguu na mabega ya walioimba. (Wala haifai kuipamba njia ile kupita kiasi, kwani wamo waliopita humo wakiwa watumwa, na hao hawakuwa na hiari ya kuimba wala ya kunyamaza.) Mtazamaji alijitokeza mlangoni mwa mji. Msafara ulipokaribia ulivaa nguo zake nzuri, ukafyatua bunduki hewani, na wenyeji wakatoka kuutazama. Hapo watendaji wakawa upande mmoja, watazamaji upande wa pili.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya vita vilivyoufanya mji uangukie mikononi mwa Wabelgiji mwezi Septemba 1916, askari na makarani waliendelea kuieneza bara ngoma ya beni, iliyokuwa imezaliwa pwani. Marini na Arinoti walishindana kwa mavazi, kwa vyeo vya kubuni na kwa gwaride. Muziki ule ulikuwa na mshindi, kwa hiyo anayedai kwamba muziki ni wa kupatana na mchezo ni wa kushindana hana budi kwanza kuijibu beni. Lakini mshindi alipatikanaje?

Mfano ulio wazi kuliko wote uko kwa Wasukuma, jirani wa Wanyamwezi upande wa kaskazini. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hukutana uwanjani. Hawachezi kwa zamu, bali huanza kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, kila upande na vituko vyake, na umati uko katikati ukiwa huru kwenda utakako. Watu husogea huku, wakasikia kelele za kule, wakageuka. Mchezaji huona kwa macho yake migongo ikimwacha. Ngoma iliyozungukwa na watu wengi zaidi ndiyo iliyoshinda. Hapa mwamuzi hapulizi kipyenga; anaamua kwa miguu. Ndiyo maana vyama hivyo vimesifika kwa dawa za kuvuta watu, na anayeshindwa hakosi la kusema: hatukuzidiwa kwa ngoma, tumezidiwa kwa waganga. Hukumu inayotolewa na umati haikati rufaa zote.

Sasa tuutazame mpira. Tarehe 7 Novemba 2024, timu iliyokuwa ikiitwa Tabora United iliifunga Yanga mabao 3 kwa 1 jijini Dar es Salaam, katika uwanja wa Azam Complex. Mwezi Aprili 2025 Yanga walikwenda Tabora, kwenye uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, wakashinda 3 kwa bila. Kama kanuni ingekuwa ile ya Bagika na Bagalu, siku ya Novemba Yanga wasingeshindwa, kwa kuwa umati wa Dar es Salaam haungeweza kuwa wa wageni kutoka Unyanyembe. Mshabiki wa mpira anaweza kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo imsimame, wala asiongeze hata bao moja. Amelipa, amesafiri, amevaa rangi za timu yake, na bado hana kura. Yeye ni shahidi tu.

Katika hili uwanja una fadhila ambayo ukumbi hauna, ingawa wapenzi wa ushairi hawapendi kuisikia. Msikilizaji wa muziki hurudi nyumbani akiwa mshindi daima. Wimbo ukimchosha, lawama ni ya mwimbaji. Ukimpendeza, sifa ni ya masikio yake mwenyewe. Hakuna usiku wa taarabu unaomtaka mtu akiri mbele ya halaiki kwamba alichokipenda kimezidiwa. Uwanja humtaka akiri hivyo, na kumtaka ashuke ngazi pamoja na waliomshinda, na pengine apande nao daladala moja.

Fadhila hiyo ina gharama yake. Furaha ya uwanjani haipatikani ila kwa huzuni ya mwingine aliye mbele ya macho, na wako waadilifu wanaoona aibu kufurahia hivyo. Ukumbini, husemwa, furaha ya mmoja haimpunguzii mwenzake. Usemi huu ungekuwa na nguvu zaidi kama Visiwani kusingekuwa na taarabu. Nani asiyemjua mtu aliyeinuka kumtunza mwimbaji kwa ubeti mmoja tu, noti mkononi, jicho kwa mwengine aliyeketi safu ya tatu? Kijembe kimerushwa, na yuko aliyeumia. Ila fumbo lina huruma yake: aliyelengwa anaweza kujifanya hakuelewa, akatabasamu, hata akainuka naye kutunza. Bao halina fumbo. Aliyefungwa tatu hawezi kujifanya kwamba zilikuwa za mtu mwengine.

Malumbano ya washairi yamekaa baina ya hayo mawili. Muyaka bin Haji alipowajibu washairi wa Lamu kwa niaba ya Mombasa, ushindani ulikuwa wa kweli, na nyuma yake palikuwa na silaha za kweli. Wasomaji wa zama zile walikuwa na upande, kama mshabiki. Lakini hakuna aliyepuliza kipyenga cha mwisho. Vita vyenyewe vimekwisha na vina mshindi wake. Beti zinaendelea kusomwa, na msomaji wa leo, asiye wa Lamu wala Mombasa, anaweza kuipenda hoja ya huyu usiku huu na jibu la yule kesho.

Mwaka 2025 timu ile ilibadilishwa jina, ikawa TRA United. Jina limekwenda, na wachezaji ni watu wa kuhama. 3 kwa 1 ya Novemba 2024 imebaki kitabuni na haitaongezwa wala kupunguzwa. Shem Karenga, aliyetoka Kigoma akaimba na Tabora Jazz, alifariki mwaka 2014. Wimbo wake "Asha" ukipigwa, watu huinuka kucheza, na wapo miongoni mwao waliozaliwa baada ya bendi ile kunyamaza, wasiojua kama siku zake iliwahi kuzidiwa na Nyanyembe Jazz ya mji ule ule, wala wasiotaka kujua.