Kifaa cha Asiyeona na Deni la Aliyekitoa

Mashine ya nukta nundu, fimbo nyeupe, simu inayosema na kompyuta yenye programu ya kusoma skrini ni vifaa vinavyomwezesha mtu asiyeona kuandika, kusoma na kutembea bila kushikwa mkono. Vyote huharibika, na vikiharibika humhitaji mtu wa kuulizwa, awe fundi, mwalimu au mhudumu anayepokea simu. Huduma hiyo huonekana kuwa jambo la ufundi tu, lakini ndani yake mna swali la maadili ambalo dini na falsafa zimelizungumza kwa njia zake. Aliyempa asiyeona kifaa, je, wajibu wake uliisha siku ya makabidhiano? Na anayepiga simu kwa sababu kifaa kimegoma, anadai haki yake au anaomba sadaka ya pili?

Mkoani Pwani, Tanzania, swali hili linapimwa kwa nauli. Kibaha, makao makuu ya mkoa, iko kwenye barabara ya Morogoro, kilomita zipatazo 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam, na magari hayakauki katika eneo lake la Mailimoja. Kisarawe imekaa vilimani nyuma ya Pugu. Mji wenyewe hauko mbali na jiji, lakini wilaya inaenea hadi Maneromango na Mzenga, na kutoka huko kwenda Kariakoo jijini na kurudi huweza kula siku nzima. Fundi simu hakosekani penye kituo cha daladala. Fundi wa mashine ya nukta nundu ni mtu wa kutafutwa, na asiyeona anayemtafuta hulipa mara nyingi nauli mbili, yake na ya anayemsindikiza.

Mashine ambayo shuleni huitwa Perkins ilibuniwa na David Abraham, mwalimu wa ufundi katika shule ya wasioona ya Perkins huko Massachusetts, Marekani, ikaanza kutolewa mwaka 1951. Ina vitufe sita, kimoja kwa kila nukta ya mfumo alioubuni Louis Braille akiwa bado kijana, na vingine vitatu vya kuacha nafasi, kurudi nyuma na kushuka mstari. Ni chuma cha karibu kilo tano. Ikifunikwa, ikisafishwa na kutiwa mafuta, huvuka miongo. Ikiachiwa vumbi, pini moja hukwama, na hasara yake si ndogo kama inavyosikika. Herufi l ni nukta ya kwanza, ya pili na ya tatu. B ni ya kwanza na ya pili peke yake. Nukta ya tatu ikigoma, mwanafunzi aliyeandika "lala" atakuwa ameandika "baba", na mwalimu atasahihisha kosa ambalo si la mwanafunzi.

Mwanafalsafa wa Ufaransa Maurice Merleau-Ponty, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1945 kuhusu utambuzi, alitumia mfano wa fimbo ya asiyeona. Hoja yake ni kwamba kwa aliyeizoea, fimbo haibaki kuwa kitu kilichoshikwa. Kugusa kwake huhamia kwenye ncha, na kupitia ncha hiyo huipata ardhi. Wapo waliomlaumu kwa kuwatumia wasioona kama kielelezo bila kuwauliza, na lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo hoja yenyewe husaidia hapa. Ikiwa kifaa kimeingia katika mwili wa mtu, basi kukitengeneza hakufanani na kutengeneza redio. Aliyeharibikiwa redio amekosa taarifa ya habari. Aliyeharibikiwa fimbo amerudishwa katika hali ya kungoja mkono wa mwingine, na anayechelewesha matengenezo kwa wiki tatu amemchukulia mwenzake wiki tatu za kutembea.

Ugumu huanza kwenye neno mteja. Katika biashara mteja ni aliyelipa, na aliyelipa ana sauti: atarudisha bidhaa, atalalamika, atahamia duka la pili. Vifaa vya wasioona mara nyingi hununuliwa na mwingine, serikali, kanisa, msikiti au shirika, na risiti ina jina la mnunuzi. Anayekitumia hana risiti. Akilalamika huambiwa ashukuru. Kiswahili chenyewe kinatoa njia ya kutokea, kwani neno hilo lilikuwa pia la uganga, na mteja wa mganga alikuwa mtu aliye mikononi mwake, ambaye mganga alikuwa akimwangalia. Kwa maana hiyo, mteja ni yule ambaye hali yake imekuwa jukumu la mtu mwingine, awe amelipa au hakulipa.

Sura ya 80 ya Kurani inahusu kisa cha asiyeona aliyefika kuuliza. Mtume Muhammad alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makuraishi akitaraji wasilimu, ndipo Abdullahi bin Ummi Maktum alipoingia akitaka kufundishwa. Mtume alikunja uso akageuka, na sura ikashuka kumwonya kwa kumwacha aliyekuja na haja ya kweli akiwashughulikia wanaojiona hawana haja. Kosa lililoonywa halikuwa kumnyima mtu mali. Lilikuwa ni kumweka nyuma katika foleni. Baadaye Ibn Ummi Maktum alikuwa mmoja wa waadhini wa Mtume pamoja na Bilal. Katika Injili ya Marko, sura ya 10, umati unamnyamazisha Bartimayo anayepaza sauti kando ya njia ya Yeriko. Yesu anaagiza aitwe, kisha anamuuliza anataka afanyiwe nini. Kwa mtazamaji jibu lilikuwa wazi, lakini swali liliulizwa, na mwenye haja akapewa nafasi ya kuitaja haja yake kwa kinywa chake.

Fiqhi ya Kishafii, yaani mapokeo ya sheria ya Kiislamu yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, ililishika jambo hili kwa vitendo zaidi. Asiyeona hulazimika kuhudhuria swala ya Ijumaa akipata wa kumwongoza, hata kwa ujira anaoumudu. Wanazuoni hawakumwondolea wajibu kwa kumhurumia. Walimhesabu miongoni mwa wenye kuwajibika, kisha wakaihesabu huduma ya kuongozwa kuwa sharti la wajibu huo. Huduma hapa ni kazi yenye ujira wake, na mwenye kuipokea hapungukiwi heshima.

Fiqhi hiyohiyo hutofautisha sadaka na wakfu, na hapa ndipo penye ufunguo wa swali zima. Sadaka ya kawaida humalizika ikishapokelewa. Wakfu ni mali iliyofungwa ili manufaa yake yaendelee, na kanuni yake ni kwamba pato lake hutumika kwanza kuitunza mali yenyewe, ndipo wanufaika wagawiwe. Zanzibar ina hadi leo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa kazi ya namna hiyo. Kifaa cha asiyeona kimekuwa kikitolewa kwa desturi ya sadaka ilhali maumbile yake ni ya wakfu, kwa kuwa faida yake iko katika kuendelea. Shirika linaloleta mashine kumi bila fungu la spea wala fundi limetoa kidogo kuliko linaloleta saba zenye vyote viwili, ingawa picha ya mashine kumi inapendeza zaidi mezani siku ya hafla.

Kibaha ina kumbukumbu ya msaada uliowaza kesho yake. Mradi wa nchi za Nordiki ulioanza hapo mwaka 1963 ulijenga shule ya sekondari, kituo cha kufundishia wakulima na kituo cha afya cha Tumbi, ukakabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Makabidhiano yalihamisha wajibu kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na chombo cha kuupokea kilikuwapo. Mashine inayoachwa kwenye kabati la shule haina chombo kama hicho.

Huduma nzuri ina adabu yake, nayo ni ya lugha kuliko ya mitambo. Mhudumu anayesema "bonyeza kile cha bluu juu kulia, halafu nitumie picha ya skrini" hajasaidia. Anayejua kazi husema "telezesha kidole kulia mpaka usikie neno Mipangilio, kisha gusa mara mbili," halafu hungoja. Wapo mafundi ambao, wakikerwa na simu inayosema kila kinachoguswa, huizima sauti ili wafanye kazi, na kumrudishia mwenyewe simu nzima isiyosema kitu. Katika simu nyingi za Android sauti hiyo hurudishwa kwa kushikilia kwa pamoja vitufe viwili vya sauti kwa sekunde chache, na mtu akishaambiwa hilo mara moja hatamhitaji tena fundi kwa jambo hilo. Iko pia siri. Asiyeona ambaye menyu ya pesa za simu inajifunga kabla simu haijamaliza kuisoma huishia kumtajia wakala au mtoto wa jirani namba yake ya siri. Anayemsaidia basi ameshika amana, hata kama hakuombwa kwa jina hilo.

Pingamizi zito ni kwamba wajibu usio na mwisho utawafukuza watoaji. Lakini wakfu hauidai mifuko ya mtoaji milele. Humdai atenge gharama ya matunzo siku ileile anayotoa, na hapo deni lina kipimo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, nao unazitaka nchi ziwape watu hao taarifa zinazofikika kuhusu vifaa saidizi pamoja na huduma za kuwasaidia, na mafunzo ya kutembea. Sehemu ya deni basi ni ya dola.

Mfano ulio karibu zaidi na wakfu umetoka Australia. Mwaka 2006 Michael Curran, asiyeona, alianza kuandika programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA, akaungana na James Teh, naye asiyeona. Hutolewa bure, na michango inayokusanywa hulipia kuirekebisha kila mfumo wa kompyuta unapobadilika. Sauti inayokuja nayo inasoma Kiswahili, kwa lafudhi kavu lakini ya kueleweka. Walioitengeneza wanaitumia, hivyo ikiharibika huwaharibikia na wao. Kinachobaki Kibaha au Maneromango ni kompyuta, umeme, na mtu mmoja wa karibu aliyefundishwa kuiweka na kujibu simu kwa Kiswahili, mwenye mshahara wa kazi hiyo.