Jumatano: Boksi Lililokuwa Darini

Soma Yoshua 7:1–26 na Luka 12:13–15. Katika ungamo lake Akani alisema kwamba aliona, akatamani, akatwaa, kisha akaficha. Ni katika hatua ipi ingekuwa rahisi zaidi kwake kurudi nyuma?

Mwezi wa Februari 2012, katika mji mdogo wa Defiance, jimbo la Ohio, Marekani, wajukuu wa mzee mmoja walikuwa wakisafisha nyumba aliyoiacha. Mzee huyo, mhamiaji kutoka Ujerumani, alikuwa na bucha mjini hapo, naye alifariki katika miaka ya 1940. Binti yake aliendelea kuishi katika nyumba hiyo mpaka alipofariki mwaka 2011, na hakuwa mtu wa kutupa vitu. Darini, chini ya nyumba ya mbao ya kuchezea wanasesere, palikuwa na boksi lililojaa vumbi. Ndani yake mlikuwa na kadi ndogo zenye picha za wachezaji wa besiboli, zimefungwa kwa kamba. Hakuna aliyeshtuka. Boksi liliwekwa kando, kazi ikaendelea.

Kadi hizo, zipatazo 700, zilichapishwa karibu na mwaka 1910, wakati ambapo watengenezaji wa pipi walitoa picha za wachezaji ili kuvutia wateja. Walikuwamo Ty Cobb, Cy Young na Honus Wagner, majina yanayojulikana na kila mpenzi wa mchezo huo Marekani. Kadi nyingi za wakati huo zimechakaa, maana zilipita mikononi mwa watoto. Hizi zilikaa gizani miaka 100 hivi bila kuchezewa. Wataalamu walikadiria kwamba zote pamoja zingeweza kufikia dola milioni 3, na Agosti mwaka huohuo kadi 37 tu ziliuzwa kwa mnada huko Baltimore kwa zaidi ya dola 560,000.

Wosia wa yule binti ulisema mali yake igawanywe sawa kwa watoto wa ndugu zake, nao walikuwa 20. Waliolifungua boksi walikuwa wachache. Wengine hawakuwapo, wala hawakujua kwamba kulikuwa na boksi. Kadi ni kitu chepesi. Fungu zima huingia katika mfuko wa koti, na nani angehesabu? Lakini ndugu wote waliarifiwa, na kadi zikagawanywa kwa binamu wote 20.

Akani naye alikuwa peke yake alipoona. Vazi zuri kutoka Shinari, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50 vilifukiwa ardhini ndani ya hema yake, fedha ikiwa chini kabisa. Hakuweza kulivaa vazi lile kambini, kwa kuwa kila mtu angeuliza limetoka wapi. Wakati huohuo, wanaume 36 waliuawa huko Ai, na hapana shaka baadhi yao waliacha wake na watoto. Hawakuwa wameligusa vazi hilo. Kura ilipoanza kupigwa, kabila kwa kabila, kisha jamaa, kisha nyumba, Akani alikuwa na muda wa kutosha wa kujitokeza mwenyewe, lakini alinyamaza mpaka kura ikamwangukia. Hata hapo Yoshua alimwita mwanangu.

Linganisha na Yoshua 8:1, 2. Katika mji uliofuata, Bwana mwenyewe aliwaruhusu watu wachukue nyara na mifugo. Kile ambacho Akani alikiiba Yeriko, Israeli wote walikaribia kupewa mfano wake kwa halali.

Yule mtu wa Luka 12 ni tofauti kidogo, na ni vizuri asihukumiwe haraka. Luka hasemi kwamba dai lake lilikuwa la uongo. Inawezekana kabisa kwamba ndugu yake alimdhulumu. Hata hivyo Yesu alikataa kuwa mgawanyi wao, kisha katika fungu la 15 akaacha kusema na mtu mmoja, akawageukia wote waliokuwapo na kuwaonya juu ya choyo. Onyo hilo lilimhusu aliyeshika mali, na lilimhusu pia aliyenyimwa. Mtu anaweza kuwa na haki yote mbele ya baraza la ukoo, na bado usiku akawa hapati usingizi kwa ajili ya shamba ambalo marehemu baba yake hakulilalia macho hata mara moja.

Jadilini darasani: Matanga yanapokwisha na ndugu wakaketi kugawana, ni nani kwa kawaida hayupo kwenye kikao? Ni mjane, ni binti aliyeolewa mbali, au ni mtoto aliyezaliwa nje? Je, kuna kitu ambacho mtu huyo hajaambiwa kwamba kipo?